Faili Linaloanza na Nukta

Misumari minne bado ipo ukutani. Nyumba ile imepakwa rangi mara mbili tangu wakati huo, sasa wanauza vocha na soda, lakini hakuna mpaka rangi aliyejisumbua kuing'oa. Nikipita barabara ya kwenda Miyuji naiangalia, hata siku nilizojiapiza kwamba sitaiangalia. Hapo ndipo Fundi alipotundika karatasi yake kila Jumatatu.

Nitamwita Fundi tu, kama tulivyomwita wote. Jina analo, nalijua, silisemi. Wala nisiulizwe alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, maana miaka yote niliyomfahamu sikumsikia akitaja baba wala mama. Mazungumzo yake yalikuwa mawili: mashine, na upepo wa Dodoma unaojaza mashine vumbi.

Mwanzo alikuwa fundi wa taipureta. Mimi nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya umma, na yeye alikuja kila mwezi na kisanduku chake cha bati kusafisha mashine zetu. Hakuuliza mashine inaumwa nini. Alikwambia upige mstari mmoja, naye akafumba macho akasikiliza, kisha akagusa mahali penyewe. Nilidhani ni mbwembwe, mpaka siku aliponiambia, macho yamefumbwa, kwamba kidole changu kidogo cha kushoto ni kivivu. Nilinuna wiki nzima kwa sababu ilikuwa kweli.

Halafu wakaanza kupunguza watu. Neno redandansi tulilizoea upesi kuliko neno lolote la Kizungu. Mashirika yakauzwa, ofisi zikaletewa kompyuta, sisi tukaletewa barua. Siku niliyopewa yangu nililia chooni. Nilipotoka nilimkuta Fundi, naye barua yake iko mfukoni, amepiga magoti chini ya meza ya bosi anaangalia ile kompyuta mpya inavyoungwa. Akaniambia, Binti, usilie, hii nayo itaharibika.

Ikaharibika kweli, pamoja na nyingine mbili, na kwa kuwa hakuna aliyejua la kuzifanya wakampa azitupe. Hakuzitupa. Alikodi chumba kimoja njia ya Miyuji, akazifungua zote tatu, akapata moja nzima na vipande vingi. Programu za kuweka ndani hakuwa nazo. Mjini walikuwa wanauziana za wizi, na Fundi alikuwa mtu mgumu kwa jambo hilo. Alisema hawezi kujenga nyumba kwa matofali ya kuiba halafu alale. Ndipo jamaa mmoja akamletea CD kutoka Dar es Salaam, ya mfumo uitwao Linux, uliotengenezwa na watu wasiofahamiana wakaachia kila mtu autumie, aufungue na augawe. Nadhani siku ile alipata dini. Sijui neno jingine la kuiita.

Karatasi yake ya Jumatatu ilianzia hapo. Aliiita Habari na Vidokezo, na, msinicheke, aliipiga kwa taipureta. Mtu aliyehubiri kompyuta mchana kutwa aliandika habari za kompyuta kwa mashine aliyoifungia utepe kwa mkono, kwa sababu wino wa printa ulimshinda bei. Mara moja kwa wiki alikwenda intaneti kafe karibu na stendi, akafungua kurasa haraka haraka, akazinakili kwenye daftari kwa penseli kabla nusu saa haijaisha. Jumatatu asubuhi tulisoma ukutani kwamba toleo jipya la programu ya kuandikia barua limetoka, linafungua barua za ofisini bila kuzivuruga, isipokuwa majedwali, majedwali bado yanagoma. Kwamba mwenye mashine ya kumbukumbu ndogo asiipambe. Kwamba kabla ya kufuta kitu, soma jina lake kwa sauti, maana jicho hupenda kuruka.

Kuna kidokezo kimoja sijakisahau, na nitaeleza kwa nini. Kiliandikwa hivi: "Katika mfumo wetu, faili ambalo jina lake linaanza na nukta halionekani kwenye orodha. Ukiagiza vyote vifutwe, lenyewe linabaki. Usiseme halipo kwa sababu hulioni." Vijana wa chuo walikinakili kwenye madaftari yao. Mimi nilikisoma nikaenda zangu kununua mchicha.

Sheria yake ilikuwa moja. Ukija na flopi tupu, ile diski bapa ya enzi hizo, huondoki nayo tupu. Alikujazia unachotaka, akakukabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Chukua, kagawe." Hakuna aliyelipia programu pale, alilipwa kwa ufundi wa mashine tu. Watu wakamtilia shaka, maana tumelelewa na msemo wa bure ghali. Ukimwambia hivyo alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Si ya bure, alisema, ni huru, na kilicho huru ukishakiachia hukirudishi. Hata ukijuta. Hata ukipigiwa magoti.

Lakini huyohuyo mgawa vyote hakuwahi kumwazima mtu bisibisi. Bisibisi yake yenye mpini mwekundu ilikaa mfuko wa shati, na siku moja nilipoichukua nifungulie kopo la rangi alininyang'anya kama nimeshika sakramenti. Nikamwambia, Fundi, huo uhuru wako una mipaka. Akasema bisibisi haina nakala. Kwake mambo yalikuwa rahisi kiasi hicho: chenye nakala kigawe, kisicho na nakala kishike. Sidhani kama alijua siku hiyo anasema nini.

Rafiki yake mmoja tu nilimjua, Opareta. Huyu alikuwa haoni tangu utotoni, alisoma shule ya wasioona ya Buigiri, kisha akaajiriwa kupokea simu katika ofisi nyingine ya hapo mjini. Mtani mkubwa. Kila jioni alipita kwa Fundi na fimbo yake, wakanywa chai ya rangi, wakagombana. Shida ya Opareta ilikuwa barua. Barua zake zote, hata za mchumba, zilisomwa na watu, na ofisi nzima ilijua mambo yake kabla hajayajua mwenyewe. Fundi akamtafutia programu huru inayosoma kwa sauti. Ilisoma, lakini ilisoma Kiswahili kama mzungu mwenye ugali mdomoni. Opareta alicheka hadi akamwaga chai, halafu akapapasa fimbo yake, na nikaona kwamba alikuwa amekitegemea kile kitu kuliko alivyotuonyesha.

Fundi alikaa siku tatu bila kusema na mtu. Ya nne akaniambia kwamba Kiswahili kimejengwa kwa silabi, mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo: ba, be, bi, bo, bu. Tukipata mtu mmoja mwenye sauti safi akazitamka zote, moja moja, mashine itaziunga na kusoma chochote. Akauliza, unamjua mtu mwenye sauti?

Nilimjua. Nilikaa naye nyumba moja. Mdogo wangu Damari alikuwa msomaji wa neno kanisani kwetu, na Jumapili ya zamu yake hata watoto waliacha kukohoa. Mimi ndiye niliyempeleka. Hilo naliandika wazi, lisije likatafutiwa mtu mwingine.

Walirekodi asubuhi, kabla upepo haujaamka, ndani ya chumba kilichotundikwa mablanketi kuzuia kelele. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni kufukuza kuku wa jirani. Wiki mbili nzima. Damari alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kucheka kwake kulikuwa karibu. Akifika nywa, nywe, nywi alicheka, wakaanza upya. Fundi hakuwahi kumfokea. Kila alipotaka kutamka, Damari alivuta pumzi kwanza, ile pumzi fupi ya mtu anayejiandaa kusoma mbele ya watu, na baadaye Fundi alikaa na vipokea sauti masikioni akiikata pumzi hiyo silabi kwa silabi. Alizikata zote. Akabakisha moja. Akasema mashine isiyopumua inachosha masikio, kwa hiyo mwisho wa kila sentensi, penye nukta, msomaji atasikika akivuta pumzi kabla ya kuendelea. Damari aliona jambo hilo la kuchekesha kuliko yote.

Siku mashine iliposoma barua ya kwanza, Opareta aliomba tutoke nje. Tulitoka. Alibaki ndani na barua yake na sauti ya mdogo wangu, na alipofungua mlango alikuwa amenawa uso.

Flopi tatu zilitosha kubeba sauti nzima, na Fundi akaigawa kama alivyogawa vyote. Kisha akaweka spika juu ya mlango. Kila saa sita mchana mashine ilisoma karatasi ya Jumatatu kwa ajili ya wasiojua kusoma, na wasiojua kusoma wakajua habari za matoleo mapya kuliko makarani. Madereva waliosubiri waheshimiwa wakati wa Bunge walikuja kuegesha pale wasikilize. Damari mwenyewe alipita mbali kwa aibu. Mama yetu hakujua lolote. Alikuwa anaishi Haneti, shambani, na tulimwambia tu kwamba Damari anamsaidia mzee mmoja kazi ya kusoma.

Damari aliugua homa wiki mbili. Ya tatu tukamzika Haneti.

Fundi alikuja mazishini. Alikaa na wanaume, hakula, akarudi na gari la jioni. Spika akaizima mwezi mzima. Halafu watu wakaanza kuuliza, na Opareta akasema Damari angependa, na Fundi akanijia mimi kuniuliza. Nilimwambia washa. Nilimwambia hivyo kwa sababu nilitaka kumsikia. Ndiyo, nilikuwa napita saa sita makusudi, na jua la Dodoma lile, nikasimama upande wa pili wa barabara nikimsikiliza mdogo wangu akisema majedwali bado yanagoma. Nilijua si yeye. Nilijua pia kwamba nikifumba macho ni yeye. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilihesabu saa mpaka sita ifike. Sikumwambia mtu.

Mama baada ya msiba alikataa kubaki Haneti peke yake, nikamleta kwangu. Nilimwelekeza njia ya sokoni isiyopita kwa Fundi. Akina mama mnawajua: ukimwonyesha njia, atauliza kwa nini si ile nyingine. Siku moja akapita ile nyingine, saa sita, kikapu cha karanga kichwani.

Nilikuwa mlangoni kwa Fundi nilipomwona. Alisimama katikati ya barabara. Baiskeli zikampita pande zote mbili, mmoja akamtukana, hakusikia. Alishusha kikapu taratibu akakiweka chini kwenye vumbi, akainua uso kuitazama spika, na spika ikaendelea kueleza namna ya kuhifadhi kazi kabla umeme haujakatika. Ilisoma mpaka mwisho. Mama alisubiri mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akanipita kama mlango, akasimama mbele ya Fundi.

Kiswahili cha Mama ni cha kujifunzia ukubwani, hakina maneno mengi. Alisema, "Mtoto wangu nimemzika. Kwa nini wewe bado unamtuma kazi?"

Fundi alisimama. Sijawahi kumwona mtu mzima akikosa pa kuweka mikono namna ile. Akaanza kueleza, silabi, Opareta, wasiojua kusoma. Mama akamsikiliza kwa adabu. Mwisho Fundi akasema kile alichokiamini, akakisema kwa upole, kwamba hata akitaka hawezi, nakala zimeshatoka, ziko Kondoa, ziko Mpwapwa, nyingine hajui ziko kwa nani. "Mama, maji yakimwagika hayazoleki."

"Yazoe," Mama akasema.

Akatoka, akaokota kikapu chake. Mimi nikamfuata nikilia, na hakuniuliza kama nilikuwa najua. Hajaniuliza mpaka leo.

Jumatatu iliyofuata ukuta ulikuwa na karatasi ya mistari mitatu. "Sauti niliyoigawa nimeiondoa. Mwenye nakala namwomba airudishe, nitampa nyingine. Sababu ninayo mwenyewe." Vijana wa chuo wakamcheka. Walimkumbusha maneno yake, hukirudishi hata ukipigiwa magoti, na mmoja akaandika kwa kalamu chini ya karatasi kwamba Fundi amekuwa kama zile kampuni zinazofungia programu zao. Fundi aliyasoma. Hakuyafuta.

Akaanza kuzoa. Kwa mtu aliyeamini anachokiamini yeye, nadhani ilikuwa kama kujikana. Alikaa chumbani mwake peke yake, kati ya mablanketi yaleyale, akatamka silabi zote kwa sauti yake mbovu ya vumbi na tumbaku. Alizijaribia kwenye mashine ya Opareta kule ofisini, kwa sababu ya kwake ameshaikata waya wa spika na ameapa haitasema tena. Kisha akafunga safari. Kondoa alikwenda na lori la mahindi. Mpwapwa alikaa siku mbili akimsubiri karani wa shule arudi likizo. Kila alikofika aliomba flopi, akaifuta nzima ikawa kama mpya, akaweka sauti yake, akaomba radhi. Walionakili kutoka kwa walionakili aliwafuata pia. Nasikia huko Kondoa mtu alimkatalia, naye akapiga magoti. Yaliyotabiriwa kwa mgawaji yalimpata mkusanyaji.

Wa mwisho alikuwa Opareta. Huyo hakutania. Alisema kwamba sauti ile ndiyo pekee iliyowahi kumsomea barua bila kumhukumu, lakini mama akisema, nani atabisha. Akatoa flopi zake mfukoni. Baada ya wiki ndipo utani ulipomrudia, akalalamika kwamba Fundi anamsomea barua za mapenzi kama anamsomea hati ya mashtaka.

Siku ya kufuta mashine yake mwenyewe Fundi aliniita niwe shahidi. Aliandika amri moja, vyote vifutwe, akabonyeza. Kisha akaagiza orodha ije, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Hakukuwa na cha kusoma. Nikasema, hakuna kitu, Fundi. Akasema, basi, kamwambie mama. Kisha akaweka zile silabi zake mwenyewe mahali palepale zilipokuwa za Damari, akaizima mashine, akatoa bisibisi mfukoni, akakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Karatasi ziliendelea mwaka mmoja hivi, fupi fupi, zisizo na uchangamfu. Baadaye zikakoma. Mimi nilifungua ofisi ya kupiga chapa mjini, na nasema bila haya kwamba naendesha programu huru mpaka leo, lakini kwa Fundi nilipunguza kwenda. Nilikuwa naona aibu mbele yake na mbele ya Mama, na aibu mbili hazibebeki kwa safari moja. Opareta ndiye aliyeniambia kwamba macho ya Fundi yameingia ukungu, kwamba amekataa kupasuliwa, kwamba haoni sasa hata mkono wake. Nilisema pole. Sikwenda.

Kilichonipeleka ni Mama.

Ilikuwa jioni tu ya kawaida, tunakula ugali na mlenda. Mama aliacha tonge mkononi akaniuliza, sauti ya Damari ilikuwaje? Nikamwambia nyembamba, inapanda mwishoni. Akaniambia nijaribu. Nikajaribu kusema shikamoo mama, kama alivyosema Damari. Mama akatikisa kichwa. "Uso ninao," akasema. "Sauti imeniponyoka. Naitafuta tangu kipupwe." Alirudisha tonge kwenye sahani, na usiku huo nikamsikia chumbani kwake akiita jina la Damari polepole, kwa namna tofauti tofauti, kama anayejaribu funguo. Asubuhi nilimkuta amevaa khanga ya kanisani. Akasema twende kwa Fundi.

Anakaa chumba cha uani Miyuji, kwa mjane mmoja anayemuuzia chakula. Hatukuwa tumebisha hodi, akasema kutoka ndani, "Binti, kidole chako kivivu kinaburuta kiatu pia." Halafu akasikia hatua za pili. Akasimama.

"Mama Damari," akasema.

Hakuna anayemwita Mama hivyo. Watu humwita kwa jina langu, mimi ndiye mkubwa, na jina la marehemu hulikwepa. Nilidhani Mama atageuka. Akasema, "Mbukwa," kwa Kigogo, kama anavyowasalimu watu wa kwao, na Fundi akaitikia, mbukwa, akapapasa kiti amkalishe.

Chumba kilikuwa kitanda, stuli mbili, na mashine ileile juu ya sanduku, imefunikwa kitambaa. Waya wa spika ulikuwa umeungwa tena. Niliona pale alipoufunga kwa utepe wa taipureta.

Mama hakuzunguka. Alimwambia, "Siku ile nilikwambia uzoe. Ukazoa, nilisikia ulivyohangaika, sikuja kukushukuru. Leo nimekuja kuuliza kama kuna tone lililobaki chini."

 Fundi akasema alifuta, akafuta kote, na binti ni shahidi. Mama akaitika kwa kichwa. Najua, akasema, wewe ni mtu wa neno lako. Alijikusanya khanga, akashika ukuta asimame, na nilimchukia Fundi kwa uaminifu wake. Namsema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona. Mtu aliyegawa vyote kwa wote, asibakishe kimoja kwa ajili yetu.

"Kaeni," akasema Fundi.

Akafunua kitambaa. Tangu macho yalipozimika, alisema, alivunja kile kiapo cha spika, maana alihitaji kusomewa. Akaiwasha mashine. Ikachukua muda wake. Vidole vyake vilitafuta herufi bila shida, akaandika, na mashine ikasema kwa sauti yake mwenyewe, ile mbovu: "Karibuni nyumbani kwangu." Kisha akabonyeza nukta.

Pumzi ikavutwa. Fupi, safi, ya msichana anayejiandaa kusoma mbele ya watu.

Nilishika stuli. Chumba kizima kilikuwa na watu watatu, na aliyepumua hakuwa mmoja wetu.

Fundi alikuwa anaongea, nadhani alianza kuongea ili asilie. Alisema silabi zilikuwa na majina ya herufi, ba, be, bi, lakini pumzi haina herufi. Pumzi ilikaa kwenye nukta, basi faili lake akalipa jina linaloanza na nukta. Likajificha. Flopi za watu alizifuta nzima, lakini humu alipoagiza vyote vifutwe, lenyewe likabaki, na orodha ikaja tupu, nami nikasoma kwamba hakuna kitu. Kidokezo alikiandika yeye mwenyewe, akakitundika ukutani watu wote wasome. Alipokuwa anaona, hakuisikia, kwa sababu mashine ilikuwa bubu. Aliisikia siku ya kwanza ya upofu wake, na tangu siku hiyo kila siku anasema kesho ataifuta.

"Nilikuahidi, Mama Damari, na ahadi sikuitimiza," akasema. "Nimekaa naye humu miaka miwili bila ruhusa yako. Sema neno, naifuta sasa hivi. Ni moja tu. Haina nakala."

Kidole chake kilikuwa juu ya mashine. Mama hakumtazama. Alikuwa ameinamia spika, ameinua mkono kidogo, ule mkono aliouinua zamani kutunyamazisha sisi watoto mgeni anapoanza kuzungumza.

"Mwache," akasema. "Anataka kusema kitu."

Tukasubiri. Kisha Fundi, bila kuambiwa na mtu, akabonyeza nukta tena.